Kilowati Nane

Kabla hajakanyaga kizingiti, kabla hajafungua mkoba wa vipimo wala kugusa ukuta hata mmoja, Veijo Karppinen alikuwa ameshaandika namba. Aliiandika akiwa garini, mbele ya nyumba ya dada yake, kwa penseli ya seremala, juu kabisa ya karatasi tupu: kumi na sita. Akaipigia mstari, mstari mnene wa mtu asiyetaka kuulizwa. Kisha akabaki amekaa, injini ikinguruma, macho yakienda kwenye nyumba na kurudi kwenye karatasi, kama mtu aliyesahau alichokuja kukifanya.

Nyumba yenyewe aliijua. Alizaliwa humo. Ilikuwa ya mbao, ghorofa mbili, rangi yake ya manjano imefifia upande unaopigwa na upepo. Nyuma yake ziwa Oulujärvi lilikuwa limetulia, la rangi ya chuma, likingoja barafu. Ilikuwa wiki ya pili ya Oktoba, na huko Paltamo ikishafika wiki hiyo watu hawaulizani tena kama baridi itakuja, wanaulizana wamejiandaaje.

Mlango ukafunguliwa. Maire akatokea, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika fremu.

"Dakika kumi umekaa humo," alisema. "Unaogopa mbwa? Mbwa alikufa mwaka juzi."

"Nilikuwa napanga kazi, dada."

"Ingia uipangie ndani. Hapo unapasha joto barabara."

Maire alikuwa na miaka sitini na saba. Mdogo wake huyu, hamsini na minane. Kwa miaka thelathini na mitatu Maire alikuwa amepeleka barua kwenye vijiji vya kando ya ziwa, na kazi hiyo ilikuwa imemwachia mambo mawili: nyonga mbovu na habari za kila nyumba. Aliishi peke yake katika nyumba ya wazazi wao. Boila ya mafuta iliyofungwa na baba yao ilikuwa imeanza kukohoa moshi mweusi katika stoo ya chini, na fundi wa mwisho aliyeelewa maradhi yake alikuwa amezikwa mwezi wa Mei. Ndiyo maana alimwita mdogo wake. Veijo alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuwafungia watu wa mkoa wa Kainuu pampu za joto, mashine zinazochota joto kutoka hewani au kutoka kwenye mwamba chini ya ardhi na kulipeleka ndani kwa maji yanayozunguka kwenye rejeta za ukutani. Kama kulikuwa na mtu wa kumchagulia Maire mashine, ni yeye.

Jikoni kahawa ilikuwa tayari, na sahani ya maandazi ya iliki. Veijo hakukaa. Alikwenda dirishani, akarudi, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akarudi tena dirishani. Maire aliinyakua karatasi mkononi mwake.

"Kumi na sita nini?"

"Kilowati."

"Na hujapima."

"Naijua nyumba hii, Maire."

"Uliijua. Uliondoka hapa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo unakuja Krismasi na kwenye mazishi." Aliiweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja kama alivyozoea kulainisha bahasha zilizokunjamana. "Mashine ya kina Heikkinen uliifunga wewe. Unajua inafanyaje? Inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Kama mtu mwenye kwikwi. Mzee Heikkinen ameihesabu: mara arobaini na mbili kwa siku."

"Kubwa ni salama."

"Salama kwa nani?"

Veijo alinyoosha mkono kuchukua karatasi. Maire aliikandamiza kwa vidole viwili.

"Nisikilize, mdogo wangu. Sitaki mashine ya kuituliza roho yako. Nataka ya kunipasha joto mimi. Kamwone kwanza Lempi Moilanen. Ukitoka kwake njoo upime, nitakupa kahawa, na ngazi nitakushikia."

Jina hilo halikuwa limetamkwa mbele yake kwa karibu miaka mitatu. Watu walilizunguka kama wanavyolizunguka shimo kwenye barafu. Veijo aliivuta karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Aliondoka bila kuonja kahawa, jambo ambalo katika sehemu zile halina tofauti kubwa na tusi.

Lempi Moilanen alikuwa mjane wa miaka themanini na mmoja wakati ule, akiishi peke yake nje kidogo ya Ristijärvi. Veijo alikwenda kwake majira ya vuli, akamuuliza swali moja tu: kwa mwaka anatumia lita ngapi za mafuta? Akaambiwa elfu moja na mia nne. Akapiga hesabu kichwani, hesabu aliyokwisha kuipiga mara mia tano, akamfungia pampu ndogo ya kuchota joto la hewani, kilowati sita. Hakujiuliza kwa nini nyumba kubwa vile inakunywa mafuta kidogo vile. Hakulitazama lundo la kuni lililokuwa nyuma ya banda. Siku ya kuiwasha alisema maneno aliyokuwa akiwaambia wateja wote, na ambayo wateja wote waliyapenda: "Sasa, mama, kuni umeachana nazo."

Februari ikaja na baridi ya nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Haikuja ikapita, ilipiga kambi siku sita. Kwa baridi kama ile nyumba ya Lempi ilihitaji kilowati kumi, na mashine ya hewa, kadiri hewa inavyozidi kuwa baridi, ndivyo inavyozidi kuishiwa nguvu. Siku ya sita jirani alimkuta bibi yule kitandani ndani ya makoti mawili, chumba kikiwa na nyuzi nane. Nimonia. Alilazwa wiki saba hospitalini, na hakurudi tena nyumbani kwake. Alipelekwa kwenye nyumba ya wazee, na madirisha yake ya Ristijärvi yakafungwa mbao.

Hakuna aliyemshtaki Veijo. Hakuna aliyeandika gazetini, wala aliyempigia simu kumtukana. Kwenye meza za kahawa pale kituo cha mafuta watu walisema baridi ile haikuwa ya kawaida, mashine nyingi zilishindwa, wakampisha kiti kama siku zote. Huenda matusi yangemfaa zaidi. Angepata angalau pa kuanzia kujitetea. Badala yake alianza kuandika namba kubwa. Nyumba ya kilowati saba aliipa kumi. Ya tisa, kumi na nne. Akaacha kupima, kwa kuwa hesabu ilikuwa imemsaliti. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, alikwenda kutazama kipimajoto cha barazani. Siku za baridi kali alibuni safari, akapita polepole mbele ya nyumba za wateja wake, akichungulia kama moshi unatoka, kama pazia linatikisika, kama kuna dalili yoyote kwamba mle ndani mtu anaendelea kuishi.

Jumatatu baada ya kufukuzwa na dada yake, maana yeye aliona amefukuzwa, mshirika wake Inkeri Kemppainen alimwekea kompresa mezani, moyo wa pampu ya joto, kitu kizito cheusi, nusura kiangukie mkate wake.

"Huyu ni wa pili mwaka huu," alisema. Inkeri alikuwa na miaka arobaini na kitu, mikono imejaa madoa ya grisi, na alikuwa na desturi ya kuzungumzia mashine kama ng'ombe. "Ametoka Vuokatti. Ana miaka miwili tu."

"Kaharibikiwa nini?"

"Kafa kwa kukurupushwa. Kila robo saa anaamshwa, anapasha maji, anaona hakuna kazi, analazwa. Hata mimi ningekufa." Akavuta kiti. "Veijo, tumefanya kazi pamoja muda mrefu, kwa hiyo nitakwambia. Hii si hesabu tena. Huu ni woga unaouandika kwa kilowati."

"Unataka watu wagande?"

"Nataka upime."

Wiki ile alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliianza kazi ya saa mbili akaiacha katikati. Aliendesha gari kuelekea nyumba ya wazee akageuza kwenye mzunguko wa barabara, akijiambia amesahau simu, ilhali simu ilikuwa kifuani. Mara ya pili alifika hadi maegesho. Akaona pazia la ghorofa ya chini likisogezwa, akawasha gari akaondoka kwa kasi ya mwizi. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alipiga moyo konde. Aliingia hadi ndani, akauliza chumba, akaonyeshwa mwisho wa ukumbi uliojaa harufu ya samaki wa kuoka.

Lempi Moilanen alikuwa amekaa karibu na dirisha akiwa na gauni la mikono mifupi, akijipepea kwa gazeti la mafumbo ya maneno. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko Veijo alivyomkumbuka, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Fundi wa joto," alisema kabla ya salamu. "Umekuja kulipunguza? Humu ni nyuzi ishirini na tano mchana kutwa. Nikilalamika wananiambia wazee wanapenda joto."

Kicheko kilimtoka Veijo bila ruhusa, kikaishia kuwa kikohozi. Alisimama kofia mkononi.

"Kaa basi. Unanizuilia upepo."

Akakaa. Maneno aliyokuwa ameyapanga garini yote yalimkimbia, yakabaki machache tu. "Mama Moilanen, ile mashine ilikuwa ndogo. Kosa lilikuwa langu."

"Najua ilikuwa ndogo. Nilikuwa mle ndani." Aliliweka gazeti mapajani. "Nilikungoja, ujue."

"Siku zile za baridi?"

"Siku zile hapana. Baadaye. Nilidhani utakuja kuuliza ilikuwaje. Daktari aliuliza. Mwanangu aliuliza, kwa simu, kutoka Uswidi. Mchungaji naye akauliza. Mtu wa mashine ndiye hakuuliza."

Veijo aliigeuza kofia yake mara moja, mara mbili. "Ilikuwaje?"

Akamsimulia, bila uchungu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Siku ya kwanza alivaa soksi jozi mbili. Siku ya pili alichukua maua yake ya dirishani akayalaza kitandani, upande wa marehemu mumewe, akayafunika. Siku ya tatu alitoka na ufagio kwenda kuiona mashine. Ilikuwa imejaa barafu hadi kwenye mapanga ya feni, inatetemeka, naye akaipangusa taratibu kama anavyopanguswa ndama aliyezaliwa nje.

"Niliihurumia," alisema. "Ilikuwa inajitahidi."

"Na jiko la kuni?"

"Jiko lilikuwepo." Aligeuza uso kuelekea dirishani. "Kuni ndizo hazikuwepo. Wewe si ulisema nimeachana nazo? Novemba nikampa Pentti wa jirani, zote, kuni kavu, nyingine alizipasua marehemu mwenyewe. Alikuja na trekta mara tatu."

Veijo aliacha kuigeuza kofia. Kwa karibu miaka mitatu alikuwa akijilaumu kwa tarakimu: sita mahali pa kumi. Tarakimu inaweza kufutwa ikaandikwa nyingine kubwa, na alikuwa amefanya hivyo mpaka vidole vikamuuma. Habari ya trekta hakuwa nayo. Sasa aliliona likitoka uani kwa mwanamke yule, mara tatu, likiwa limebeba majira ya baridi mazima, kwa sababu ya sentensi moja aliyoitupa mlangoni ili apendwe.

"Kwa nini hukunipigia?" Sauti ilitoka juu kuliko alivyokusudia. "Namba ilibandikwa kwenye mashine."

"Niliiona. Siku ya pili nilishaishika simu." Lempi aliikunja pembe ya gazeti. "Lakini ulikuwa umefurahi sana ulipoiwasha. Ulisimama pale sebuleni ikaanza kuunguruma, ukatabasamu kama mtoto aliyeweza baiskeli. Nikaona nisikuharibie. Na ukishangoja siku mbili, ya tatu unaona haya kwamba hukupiga ile ya kwanza."

Nje mtu alikuwa akikusanya majani kwa reki.

"Na siku hizi unawafungia watu nini?" aliuliza Lempi.

"Kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Mara mbili ya haja yao. Nyingine zaidi."

Bibi alifikiri, midomo imebanwa. "Hiyo rahisi kwako," alisema. "Ukiweka kubwa huna haja ya kukaa ukazungumza na mtu."

Hakuna lawama iliyokuwa katika sauti yake. Ilikuwa kama anataja mawingu. Kisha akamwomba amfungulie dirisha zaidi, maana lilikuwa limekaza. Veijo alilifungua. Akaona rejeta iliyo chini yake, akapiga magoti, akagundua valvu imeganda kwa kutu. Akatoa bisibisi mfukoni, akaihangaikia robo saa mpaka ikakubali kuzunguka. Lempi alimtazama akifanya kazi. Habari ya kusamehe haikutajwa, na Veijo hakuthubutu kuigusa. Alipokuwa mlangoni ndipo bibi aliposema:

"Ukija tena lete maandazi. Ya humu hayana iliki."

Kesho yake, Jumamosi, Veijo alikuwa Paltamo saa tatu asubuhi na mkoba wa vipimo. Maire hakumuuliza alikotoka. Alimtazama usoni mara moja, akaenda kuleta ngazi.

Alipima saa tano. Alipima upana na urefu wa kila chumba, kila dirisha na idadi ya vioo vyake. Alipanda darini akachomeka rula kwenye vumbi la mbao lililowekwa na babu yao kuzuia baridi, akakuta limeshuka hadi sentimita kumi na nne. Kazi hiyo ilimtuliza kidogo, maana mikono yake iliikumbuka. Kilichomtoa jasho ni yale maswali. Alikuwa ameyaandika kwenye karatasi mpya, na kila alipofungua kinywa alijiona kama mgeni anayechungulia chumbani mwa mtu.

"Unalala wapi?"

"Kitandani."

"Kitanda kiko wapi, Maire?"

Maire alikuwa akipanguza meza iliyokwisha kupanguzwa. Aliendelea kuipanguza. Kisha akaweka kitambaa chini, akatangulia, akafungua mlango wa kile chumba kidogo nyuma ya jiko ambamo mama yao alikuwa akishonea. Cherehani ilikuwa imesukumwa pembeni. Kitanda chembamba kilikuwa kimetandikwa, saa ya mezani juu ya kigoda, na nguo zake zote zikining'inia kwenye misumari mitano.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi. Ngazi zinanishinda."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na mimi sina tabia ya kutangaza nyonga zangu barabarani." Kisha, akiwa bado amempa mgongo: "Nitapasuliwa Januari. Wataniwekea ya chuma. Wiki mbili, tatu, nitakuwa na magongo."

Veijo alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Januari. Mwezi ambao nyuzi thelathini chini ya sifuri ni jambo la kutarajiwa, dada yake atakuwa peke yake katika nyumba hii, hawezi kubeba hata bando la kuni. Hofu ile ya zamani ikamrudia: kumi na sita, ishirini, mashine ya kupashia joto kanisa.

"Uso umekubadilika," alisema Maire. "Endelea kuuliza."

Akaendelea. Mafuta alitumia lita elfu moja na mia tisa. Tanuri la mkate aliliwasha Jumatano na Jumamosi, na siku hizo boila ilikuwa ikipumzika hadi jioni.

"Hizo kuni hazimo kwenye mafuta," alisema Veijo, kama anayejisomea.

"Zitakuwaje kwenye mafuta, nazo ni kuni?"

"Na huko juu unataka nyuzi ngapi?"

"Kumi na sita zatosha. Makabati ya mama hayaoni baridi."

"Wajukuu wakija?"

"Wavae soksi."

"Na humu?"

Maire hakuwa na mzaha wa kujibu hapo. "Humu nataka ishirini na moja," alisema polepole. "Nimeona baridi miaka mingi, Veijo. Asubuhi zote zile na mkoba wa barua. Humu nataka nisione."

Alipiga hesabu kwenye meza ya jikoni, bila kuhesabia tanuri, kwa baridi ya nyuzi thelathini na mbili. Ilitoka kilowati tisa na nusu. Akairudia. Tisa na nusu. Inkeri, aliyepelekewa vipimo kwa simu, naye akapata hiyo hiyo.

"Basi ni ya nane," alisema Inkeri. "Ya kuchota joto mwambani, maana mwamba haujui kama nje ni Januari. Nane itambeba mwaka mzima. Zile siku chache za baridi ya mauaji, koili ya umeme iliyomo ndani itajazia."

"Atakuwa na magongo."

"Ndiyo maana koili ipo. Ukimpa kumi na sita, Septemba na Oktoba na Aprili na Mei yote itakuwa inakurupuka. Unajua haya kuliko mimi."

Aliyajua. Hata hivyo alirudia hesabu mara nne zaidi kabla ya Jumanne, mara moja kwenye mgongo wa risiti akiwa anasubiri taa za barabarani. Alipoagiza mashine aliandika nane, akaitazama, ikaonekana ndogo mno, kama kitu kilichosahauliwa sakafuni. Mkono ulitaka kuongeza tarakimu mbele yake. Akafunga kalamu. Katikati ya Novemba mtambo wa kuchimba ulikuja, ukatoboa mwamba nyuma ya banda hadi mita mia moja na tisini, ukitapika matope ya kijivu juu ya theluji mpya, na Maire akalalamika siku tatu mfululizo kwamba umemuulia mistroberi. Boila ya baba yao ilitolewa vipande vipande. Siku ya kuiwasha mashine Veijo hakutabasamu wala hakutoa neno lake la zamani. Alisema tu: "Kuni usimpe mtu."

"Nimpe nani? Nimekuwa kichaa?"

"Na ukiona baridi unipigie. Siku ile ile. Hata ukiona ni jambo la kipuuzi. Niahidi."

"Haya, haya. Naahidi."

Maire alipasuliwa tarehe tisa Januari. Alirudi nyumbani na nyonga ya chuma na magongo mawili, na baridi ikaja nyuma yake kama iliyokuwa ikimngoja getini: ishirini na nane, thelathini na moja, thelathini na nne. Veijo alimpigia kila asubuhi. "Bado sijaganda," alijibiwa. "Niache nimalize uji." Veijo mwenyewe alikuwa hali chakula vizuri. Alikwenda kumwona Lempi Jumatano, na maandazi, akashindwa kukaa zaidi ya nusu saa; bibi alimtazama anavyokwenda dirishani na kurudi, akamwambia aende tu, anamchosha.

Siku ya nne ya baridi ile, saa tano asubuhi, simu ikalia yenyewe.

"Veijo," alisema Maire. "Miguu yangu ina baridi."

Hakukumbuka baadaye alivyovaa koti. Kutoka Kajaani, alikokuwa akiishi, hadi Paltamo barabara ilikuwa nyeupe na ngumu kama kaure, moshi wa nyumba ukipanda wima bila kupinda, na jua limekaa juu ya ziwa, dogo, jekundu, lisilo na faida. Njia nzima alikuwa akihesabu. Tisa na nusu. Amekosea dari. Amekosea madirisha. Inkeri naye amekosea, wote wawili wamekosea. Akilini alimwona dada yake kitandani ndani ya makoti mawili. Aliyaona makoti yenyewe, rangi zake.

Maire alikuwa jikoni, amekaa, mguu umenyooshwa juu ya kiti, anasoma gazeti. Kipimajoto cha ukutani kilisema ishirini na moja.

"Umeruka?" aliuliza.

Veijo alimpita bila kuvua viatu, akaingia chumba cha nyuma. Humo kulikuwa na ubaridi kweli. Nyuzi kumi na saba. Aliiendea rejeta. Juu yake, kuanzia ukingo hadi sakafuni, likiwa limefunika valvu yote, lilikuwa limeanikwa taulo kubwa la kuogea, zito, lililokunjwa mara mbili. Valvu, ikijionea joto lililonaswa chini ya taulo, ilikuwa imeamini chumba kizima kimepata moto, ikajifunga.

Alilichukua taulo, akarudi nalo jikoni akilishika kwa vidole viwili.

"Lilikuwa halijakauka," alisema Maire.

"Taulo."

"Uliniambia nipige hata kama ni la kipuuzi. Nikapiga." Alikunja gazeti. "Siku ya kwanza nilisema nisikusumbue. Halafu nikaona ndivyo watu wanavyokufa." Akaegemea meza, akajivuta, akakamata gongo moja. "Kaa. Umekuwa mweupe kama maziwa."

Hakuweza kukaa. Alisema anaenda kutazama mara moja tu, akashuka ngazi za stoo.

Mashine ilikuwa pale ilipokuwa imesimama boila ya baba yao, nyembamba, nyeupe, kimo cha jokofu. Taa ndogo ya njano ilikuwa imewaka mbele yake: koili ya akiba imeingia kazini. Nane zilikuwa zimefika mwisho wa nguvu zao na zilikuwa zinasaidiwa, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, kwa saa kama hii, kwa baridi kama hii. Aliijua hesabu hiyo mstari kwa mstari. Hata hivyo taa ile ilimchoma kifuani. Kidole chake kilikwenda hadi kwenye kitufe cha kupandisha joto, kikasimama juu yake.

Alisikiliza. Haikuwa na kwikwi. Ilikuwa inakwenda, sauti moja ya chini isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayetembea safari ndefu na hajali nani anamtazama. Alingoja izime. Dakika tano, kumi. Haikuzima. Aliondoa kidole kwenye kitufe akaweka kiganja kizima juu ya bati, na mtetemo ukampanda hadi kwenye kiwiko. Hakuweza kusema ni kiasi gani kilikuwa cha mashine na kiasi gani kilikuwa chake mwenyewe.

"Veijo!" Maire aliita kutoka juu, gongo likigonga sakafu. "Kahawa inapoa."

"Nakuja," alisema, na mkono wake ukabaki pale pale.